Kupunguza na Kupungua

Kupunguza na kupungua ni maneno ya mzizi mmoja, lakini baina yake pana tofauti kubwa. Mwenye kupunguza hutenda kwa nia; mwenye kupungua hupatwa na jambo. Mfanyabiashara hupunguza bei. Maji hupungua kisimani. Yule wa kwanza aweza kuulizwa sababu ya tendo lake na akalazimika kujibu, lakini kisima hakiulizwi. Walakini iko hali ambayo vitenzi hivi viwili hukutana ndani ya mtu mmoja na kwa juhudi moja, hata ikawa vigumu kujua wapi tendo linakoma na wapi tukio linaanza. Hali hiyo ni ya mwanamke apunguzaye mwili akaona kuwa matiti yake nayo yamepungua. Tumbo alitaka liondoke, kiuno alitaka kipungue, matiti hakuyataja katika nia yake. Yote yamekwenda pamoja, kwa njaa ile ile na kwa jasho lile lile.

Jambo hili halijapata heshima kubwa katika mazungumzo ya wanachuoni. Huulizwa kwa sauti ya chini chumbani mwa daktari, husemwa kwa mzaha na wanawake wasukanapo nywele, na wanaume ama hulisema vibaya ama hawalisemi kabisa. Haya ndiyo iliyolifunika. Lakini haya haiondoi uzito wa swali, na swali lenyewe ni la zamani kuliko mizani ya hospitali yoyote: je, mtu huwajibika kwa jambo asilolikusudia, ikiwa limefuatana na jambo alilolikusudia? Na akihuzunika kwa ajili yake, huzuni hiyo ni haki au ni upuuzi?

Kabla ya kuhukumu ni wajibu kujua kitu chenyewe kilivyo. Titi la mwanamke halina msuli ndani yake wa kulishikilia. Msuli mkubwa wa kifua uko nyuma yake, umelala juu ya mbavu, na titi limekaa juu ya msuli huo kama mto juu ya kitanda. Ndani yake mna tezi za maziwa, ambazo zimepangika katika mafungu yapatayo 15 mpaka 20. Mna vijia vya kupitisha maziwa kwenda kwenye chuchu. Mna nyuzi za kuunganisha. Na baina ya vyote hivyo mna mafuta. Kiasi cha mafuta hayo si kimoja kwa wanawake wote. Yuko ambaye sehemu kubwa ya titi lake ni tezi na nyuzi, na yuko ambaye sehemu kubwa ni mafuta. Na wawili hao wakisimama pamoja, jicho haliwezi kuwatenga. Umri nao una kazi yake. Hedhi ikomapo, tezi husinyaa na nafasi yake aghalabu huchukuliwa na mafuta, kwa hiyo titi la mwanamke wa miaka 60 kwa kawaida lina mafuta mengi, kwa sehemu yake, kuliko lilivyokuwa alipokuwa na miaka 25.

Matokeo ya maumbile hayo ni kwamba wanawake wawili wanaopunguza kilo sawasawa hawapungui matiti sawasawa. Mwenye titi la mafuta huona badiliko upesi, pengine kabla ya kuona badiliko la nyonga. Mwenye titi la tezi na nyuzi aweza kushuka kilo kumi akabaki na sidiria ile ile. Tofauti hiyo haitokani na bidii wala na uzembe. Mwanamke anayemcheka mwenzake kwa kuwa yeye amepungua na kubaki na kifua chake anajisifu kwa zawadi aliyopewa na wazazi wake.

Hapa ndipo nia inapofika mpaka wake. Mtu aweza kuchagua kula kidogo, kuacha sukari, kutembea saa nzima kila alfajiri. Hawezi kuuamuru mwili uchukue mafuta ya tumboni na uyaache ya kifuani. Mwili uhitajipo nguvu hufungua ghala zake kwa mpango uliowekwa na urithi na homoni, wala haumwulizi mwenye nyumba aanze chumba gani. Mazoezi ya tumbo huimarisha misuli ya tumbo, lakini hayachagui mafuta ya tumbo. Vivyo hivyo mazoezi ya kusukuma na kuinua vitu huukuza msuli wa kifua, na huenda titi lililo juu yake likainuka kidogo. Ila msuli haugeuki tezi wala mafuta, na anayeahidi kuwa utageuka anauza kitu asichokuwa nacho.

Tena, mafuta yapunguapo, nyumba zake hazibomoki. Mwaka 2008 wachunguzi wa Stockholm, akiwamo Kirsty Spalding, walitangaza habari ya ajabu juu ya seli za mafuta. Walizipima kwa kutumia alama ya kaboni iliyoenea hewani kutokana na majaribio ya mabomu ya nyuklia yaliyofanywa miaka ya 1955 mpaka 1963, ambayo iliingia katika miili ya watu wote wa dunia bila wao kujua. Wakaona kuwa idadi ya seli za mafuta kwa mtu mzima hukaa karibu pale pale, hata baada ya mtu kukonda sana. Zinazokufa hufuatwa na nyingine, kama asilimia 10 kila mwaka. Anayepunguza mwili, basi, hazifukuzi seli hizo; huzipunguzia shehena. Husinyaa kama magunia yaliyotolewa nafaka, yakangoja mavuno mengine. Ni jambo la kutafakari kwamba silaha zilizotengenezwa kuangamiza miji ndizo zilizosaidia kueleza kwa nini mwanamke aliyekonda hunenepa tena kwa wepesi.

Baada ya mafuta inafuata ngozi, na ngozi ndiyo yenye habari ya huzuni zaidi. Daktari Astley Cooper wa London, katika kitabu chake cha mwaka 1840 juu ya titi, alieleza kano nyembamba zinazotoka katika ngozi na kupita ndani ya titi mpaka nyuma, na hata leo kano hizo huitwa kwa jina lake. Kano na ngozi vikivutwa kwa miaka mingi na uzito mkubwa hutanuka, na vikitanuka sana havirudi vyote vilikotoka. Ujana husaidia, kwa kuwa ngozi ya kijana bado ina nyuzi nyingi za kuivuta irudi. Na kupungua polepole hudhaniwa na wengi kuwa na upole zaidi kuliko kupungua kwa ghafla. Lakini kilo nyingi zikiisha, mfuko hubaki mkubwa kuliko kilichomo. Ndipo wanawake husema kuwa titi limelala. Kiswahili kina ukali katika neno hili: titi husemwa limesimama au limelala, kana kwamba ni askari wa zamu aliyekutwa na mkubwa wake.

Mathalani yupo mwalimu wa kike mwenye miaka 45. Kimo chake ni sentimita 160 na uzito wake ni kilo 96. Amezaa mara tatu na amenyonyesha wote watatu. Daktari amemwambia ana kisukari cha ukubwani na shinikizo la damu, na kwamba dawa iliyo bora kuliko zote kwa hali yake ni kupunguza mwili. Daktari amesema kweli. Katika uchunguzi uliofanywa Scotland na Tyneside, na kutangazwa mwishoni mwa mwaka 2017, wagonjwa wa kisukari waliosimamiwa kupunguza uzito walipimwa baada ya mwaka mmoja, na asilimia 46 kati yao walikuwa hawana tena kisukari katika vipimo wala hawatumii dawa zake. Katika wale walioshuka kilo 15 au zaidi, hesabu ilifika asilimia 86. Haya ni mambo makubwa, na hakuna mwenye akili atakayeyadharau kwa ajili ya umbo.

Mwalimu huyu akashika amri. Kwa muda wa miezi kumi na minne akashuka kilo 20. Sukari imetulia, magoti hayamwumi, ngazi za shule anazipanda bila ya kusimama katikati. Siku moja, akioga, mkono wake ukajua jambo ambalo macho yalikuwa yamelikwepa. Kifua chake kilikuwa kifua cha mtu mwingine. Akatoka bafuni, akavaa, akaenda kazini, wala hakumwambia mtu. Kwa sababu alijiona hana haki ya kulalamika. Amepewa uhai, atalilia mafuta?

Ukimya huo ndio unaostahili kuchunguzwa. Wako watakaosema amefanya vema kunyamaza. Wa kwanza kati yao angekuwa Epictetus, yule mwanafalsafa aliyekuwa mtumwa katika dola ya Rumi, ambaye aligawa vitu vyote mafungu mawili: vile vilivyo katika uwezo wa mtu, na vile visivyo katika uwezo wake. Mwili aliuweka katika fungu la pili. Kwa hoja yake, mwalimu amehuzunika kwa kuwa alihesabu kuwa chake kitu alichoazimwa. Mafundisho haya yana nguvu, na yamewaokoa watu wengi katika misiba mikubwa kuliko huu. Hata hivyo yana upungufu mahali hapa. Nguo huazimwa, nyumba hupangwa, cheo hutolewa na kunyang'anywa. Lakini mwanamke hana titi kwa namna aliyo na nguo. Lilipoota akiwa na miaka 12 lilimtia aibu ya kwanza na fahari ya kwanza. Lilijaa alipozaa, likauma, likatuliza vilio vya usiku. Limeandikwa historia yake. Kumwambia kuwa kitu hicho ni cha nje ni kumwambia kwamba yeye mwenyewe yuko mahali pengine, na hakuna aliyewahi kuonyesha mahali hapo ni wapi.

Wa pili angekuwa Thomas Aquinas, mwanachuoni wa karne ya 13. Alipozungumza juu ya mtu amwuaye adui katika kujilinda, alisema tendo moja laweza kuwa na matokeo mawili, moja limekusudiwa na la pili liko kando ya kusudi, na kwamba tendo hupewa sura yake na lile lililokusudiwa. Kwa kipimo hicho mwalimu hana lawama. Alikusudia afya, kupungua kwa matiti kulikuwa kando ya kusudi. Hukumu hiyo ni ya haki, na yafaa kutajwa mbele ya mume yeyote anayemwambia mkewe, "Umejitakia mwenyewe." Hakujitakia. Alitaka jambo moja akapewa mawili. Lakini kumwondolea mtu lawama si kumwondolea huzuni. Msafiri anayetupa mizigo baharini ili jahazi lisizame hana hatia kwa mizigo, na bado akifika pwani ana haki ya kuikumbuka.

Wapo pia wanaosema kwa kifupi kwamba huzuni hiyo ni majivuno. Neno hili hutumiwa ovyo. Majivuno ni kutaka kuonekana. Nalo lina njia ya kupimwa. Na awekwe mwanamke huyu katika kisiwa kisicho na kioo wala mwanamume, wala shoga wa kumlinganisha. Je, angejua kuwa amebadilika? Angejua, kwa maana ni mkono wake mwenyewe uliomwambia. Angehisi ukosefu? Yamkini angehisi, kama ahisivyo mtu aliyepoteza jino mahali ambapo hapaonekani, na ulimi ukawa unarudi pale pale kila saa. Sehemu hiyo ya huzuni ni yake mwenyewe, ni ya kweli, nayo kwa kawaida ni ndogo na huisha. Sehemu nyingine, iliyo kubwa na isiyokwisha, haikuzaliwa kisiwani. Imetoka kwa watu.

Watu wa Afrika ya Mashariki hawajawahi kunyamaza juu ya miili ya wenzao. Zamani mtu akirudi safari na kuambiwa amenenepa alisifiwa. Maana yake alikula, alipumzika, alitunzwa. Mwanamke alisemwa amenawiri. Kuambiwa "umekonda" kulikuwa swali juu ya msiba: nyumbani mna nini, mume anakutesa, unaumwa? Kisha ikaja hofu iliyo kubwa zaidi. Mwaka 1985 madaktari waliandika habari za maradhi mapya yaliyoonekana Uganda, ambayo wenyeji waliyaita Slim, yaani wembamba, kwa jinsi yalivyomaliza mwili wa mgonjwa. Yalikuwa ni UKIMWI. Kwa miaka mingi baadaye mwanamke aliyekonda kwa sababu yoyote ile, kwa njaa, kwa uchungu, kwa kunyonyesha mapacha, alitazamwa kifuani na mashavuni na majirani waliokwisha kutoa hukumu. Wako walioogopa kupunguza mwili waliposhauriwa na daktari, si kwa kupenda unene, bali kwa kuogopa midomo.

Leo katika miji mambo yamegeuka nusu. Neno kukonda limebaki na huzuni yake, lakini neno kupungua limepanda cheo, shoga akimwambia mwenzake "umepungua!" humsifu. Shida ni kwamba sifa hiyo ina masharti. Tumbo lipungue, kifua kisipungue. Kiuno kiwe cha msichana na titi liwe la mama anyonyeshaye. Umbo la namna hiyo wako wanawake waliozaliwa nalo, na wanaowatangaza katika picha wanafanya kazi halali. Ila likifanywa kanuni ya wote huwa amri isiyotekelezeka, kwa kuwa inauomba mwili mmoja ushibe na ukae na njaa kwa wakati mmoja. Sheria isiyoweza kutimizwa na mtu mwema haimfanyi mtu kuwa mwema. Humfanya mdaiwa wa daima, na penye mdaiwa wa daima hakosi kutokea mkopeshaji.

Wakopeshaji wamekuja. Katika masoko huuzwa mafuta ya kupaka, mizizi ya kuchemsha na vidonge visivyo na jina la mtengenezaji, kwa ahadi ya kukuza titi bila ya kukuza tumbo. Mafuta ya kupaka hayajengi tezi. Na dawa yenye nguvu ya kweli ya kubadili homoni si kitu cha kununuliwa kwa mchuuzi. Kwa wenye fedha iko njia ya kisu, ambayo historia yake ina somo. Mwaka 1962 huko Houston, katika jimbo la Texas, madaktari Thomas Cronin na Frank Gerow walimtia mwanamke mmoja mifuko ya silikoni kifuani, naye akawa wa kwanza duniani. Habari zilizoandikwa baadaye zasema kuwa mwanamke huyo hakwenda hospitali kuomba kifua kikubwa. Alikwenda kufutwa michoro ya ngozini. Wazo la kifua lilikuwa la madaktari; alipoulizwa yeye, lililomsumbua lilikuwa ni masikio yake. Miaka 30 baadaye, mwaka 1992, serikali ya Marekani ilizuia mifuko hiyo isitumiwe ovyo mpaka usalama wake uthibitishwe, na ikairuhusu tena mwaka 2006. Si lazima kumlaumu mwanamke achaguaye njia hiyo kwa akili timamu baada ya kuambiwa hatari zake. Wako waliopungua kilo nyingi mno hata ngozi inawachoma na kuwatoa vidonda, na kuikata ni matibabu kama matibabu mengine. Lakini inafaa kukumbuka kwamba huduma hii ilipoanza, ilianza kwa kumwonyesha mtu upungufu ambao hakuwa ameuona.

Liko dai moja juu ya kifua cha mwanamke ambalo haliwezi kutupwa pamoja na madai ya wachuuzi na watazamaji, nalo ni dai la mtoto. Hapa lugha yenyewe imesababisha kosa. Katika Kiswahili cha mwambao titi huitwa pia ziwa, na wingi wake ni maziwa; neno hilo hilo ndilo jina la kile kinachotoka ndani yake. Watoto walionyonya ziwa la mwanamke mmoja huwa ndugu, na sheria ya Kiislamu huwakataza kuoana. Chombo na kilichomo vimepewa jina moja, basi watu wakadhani chombo kikipungua na kilichomo hupungua. Si hivyo. Maziwa hufanywa na tezi, na tezi si mafuta. Mama mwenye kifua kidogo kwa kawaida humtosheleza mwanawe, maana titi hutengeneza kadiri linavyonyonywa. Na mama aliyepungua kifua kwa kupunguza mwili kabla ya kubeba mimba hakumwibia mtoto riziki yake. Ila si vema kujinyima chakula kwa ukali wakati wa kunyonyesha, kwa kuwa mwili wa mama una kazi mbili.

Kosa la upande wa pili ni la hatari zaidi. Wako wanawake wanaokataa kunyonyesha kwa kuogopa matiti kulala. Madaktari wa Chuo Kikuu cha Kentucky, Marekani, walitangaza mwaka 2007 matokeo ya uchunguzi wao juu ya jambo hili: kilichohusika na kulala kwa matiti kilikuwa ni umri, wingi wa mimba, unene, ukubwa wa titi tangu mwanzo, na uvutaji wa sigara. Kunyonyesha hakukuhusika. Mtoto amesingiziwa kosa ambalo sehemu yake ni ya miaka na sehemu yake ni ya tumbaku.

Kuhusu mume ni machache ya kusema. Ndoa humpa haki ya kupendezwa, haimpi haki ya kudai kitu kisipungue. Naye amepungua nywele.

Daktari ana deni kubwa zaidi, na ni deni rahisi kulipa. Yampasa aseme mapema. Amwambiapo mwanamke apunguze mwili, amwambie pia kuwa kifua nacho huenda kikapungua, kwa kiasi ambacho hakuna awezaye kukibashiri. Kwamba ngozi huenda isirudi yote. Kwamba akinenepa tena mafuta huenda yakarudi lakini umbo lisiwe lile la kwanza. Siku hizi neno hilo limekuwa la lazima zaidi, kwa sababu zimekuja sindano za kupunguza hamu ya chakula, kama semaglutide iliyoidhinishwa Marekani kwa kazi hiyo mwaka 2021, na watu hupungua sana ndani ya mwaka mmoja au miwili. Madaktari wengine hunyamaza wakiogopa kuwa mgonjwa atakata tamaa. Ni vigumu kuikubali hoja hiyo. Mtu mzima anayeaminiwa kubeba njaa ya miezi kumi na minne aaminiwe pia kubeba sentensi moja. Asipoambiwa, ataligundua jambo bafuni peke yake, na ataliona kuwa kosa lake au kasoro yake.

Amwambie na jambo jingine, ambalo kwalo maneno kupunguza na kupungua yapaswa kutengwa kwa uangalifu mkubwa. Kupungua kwa aliyepunguza ni habari ya kawaida, na kwa kawaida matiti yote mawili hupungua pamoja. Lakini mtu anayepungua bila ya kupunguza, aliyeshuka kilo nyingi hali anakula kama kawaida, hana sababu ya kushukuru; na aende akapimwe. Vilevile titi moja likibadilika peke yake, likaingia ndani, ngozi ikajikunja kama ganda la chungwa, chuchu ikavutwa au ikatoa damu, au mkono ukagusa uvimbe, hilo halifasiriwi kwa mizani. Mwaka 2016 wataalamu wa shirika la kimataifa la uchunguzi wa saratani, lenye makao Lyon, Ufaransa, walitaja aina 13 za saratani ambazo hatari yake hupungua mtu asipokuwa na unene wa kupita kiasi, na saratani ya titi baada ya hedhi kukoma ni mojawapo. Kwa hesabu hiyo mwalimu aliyeshuka kilo 20 hakukilinda kisukari tu kisimle. Alikilinda hata kifua chake, ijapokuwa kwa kukilinda kimekuwa kidogo.

Je, ajue hayo asihuzunike tena? Hakuna sababu ya kumdai hivyo. Mtu aweza kufanya biashara yenye faida, akaijua faida yake, na bado akakitazama kwa muda kile alichokitoa. Linalomhusu jirani ni kutomwongezea. Linalomhusu mwenyewe ni kutorudi nyuma kwa ajili yake. Na hapo ndipo penye hatari ya kweli, kwa maana wako wanaoacha njia waliyoishika, wakarudi katika sukari na magoti mabovu, kwa neno moja lililosemwa harusini na mtu aliyekwisha kulisahau kabla ya wali kuletwa.

Mwalimu alipeleka magauni yake manne kwa fundi cherehani. Fundi, mwanamke mwenye miaka mingi katika kazi, alimpima kiuno, akampima kifua, akaandika tarakimu kwa chaki juu ya meza bila ya kusema neno. Kisha akauliza kama kitambaa kilichozidi akikate, au akikunje ndani na kukishona kwa nyuzi nyepesi za kufumuka, kama afanyavyo kwa wateja wengi. Mwalimu akafikiri kidogo. Kiunoni, alisema, kata. Kifuani kunja.